Gogo la Tatu

Habari za kufa kwa fundi wetu wa Masumbwe zilinifikia Jumatatu, siku mbili baada ya kuzikwa kwake Segese, nyumbani kwa binti yake. Kifua kilichomsumbua tangu enzi za kushuka mashimo ya dhahabu ya Nyarugusu ndicho kilichomwondoa. Msomaji wangu, tangu hapo sijatulia. Naanza sentensi, naiacha, nainuka, naenda kusimama mlangoni pa bafu la mama yangu, narudi. Kuna jambo alinisihi nilifanye katika bafu hilo, nami sikulifanya.

Bafu lenyewe limejengwa juu ya shimo la kimo cha kiuno linalopitisha maji machafu. Sakafu imelala juu ya magogo matatu, juu yake zege jembamba, na juu ya zege marumaru nyeupe nilizozichagua mwenyewe kwa majivuno. Mwaka jana marumaru zikaanza kubonyea. Wageni wa mahari ya mdogo wangu walikuwa waje Jumamosi, hivyo Jumatano nikamwita fundi azibe nyufa tu, pang'ae. Mzee huyu alikuwa amepanga matimba kwa miaka mingi, ile miti inayozuia mashimo ya dhahabu yasiporomoke. Alimwambia mama, "Shikamoo, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, akavua viatu, akapiga magoti na kuanza kugonga sakafu kwa mpini wa nyundo, sikio karibu liguse marumaru. Ndivyo alivyogonga kule chini kabla wenzake hawajaingia. "Hapa pamekufa," akasema, na kabla sijajibu akavunja.

Nilipandwa na hasira, nikamwuliza kama ananijengea au ananibomolea. Alichomoa kwa vidole kipande cha gogo kilichomeguka kama muhogo wa kuchemsha, akaniwekea kiganjani. Nikanywea. Magogo mawili akayabadilisha. Alipofikia la tatu, la mlangoni, ilikuwa Ijumaa jioni.

"Mwandishi, hili nalo limelowa. Nipe kesho."

"Kesho wageni, fundi."

"Wageni wanakuja siku moja. Mayu anaoga kila siku."

"Funika. Mvua zikikatika nitakuita."

Akaomba nimwachie saa moja ya kusafisha. Nikaenda kupokea viti vya sherehe. Mvua zilikatika, zikaja nyingine. Sikumwita.

Ndivyo tulivyo katika miji yetu hii ya dhahabu. Tunajenga mbio mbio, tunapaka rangi mbio mbio, na fundi tunayemsifu ni yule asiyebomoa kitu. Anayetuambia kumeoza tunamwona mkorofi anayetuharibia shughuli. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi maradhi yetu tumeyawekea marumaru. Na hao waliojua kuusikiliza mti wanaondoka na masikio yao, maana siku ile fundi alitaka kunionyesha tofauti ya mlio, nami nilikuwa kwenye simu.

Jana nilishindwa kuvumilia. Nilimpeleka mama akaoge kwa jirani, nikavua viatu, nikagonga sakafu yote kwa mpini wa nyundo. Kote kulilia sawa; sikio langu halikujua tofauti. Mama aliporudi akanikuta nimepiga magoti. "Unambishia nani hodi humo?" akauliza. Nikavunja pale mlangoni.

Gogo la tatu lilikuwa limeoza ncha yote ya ukutani. Lilipaswa liwe limeanguka shimoni zamani, na mama juu yake. Halikuanguka kwa sababu chini yake palikuwa na timba: mti mgumu uliosimamishwa juu ya jiwe na kukazwa kwa kabari mbili, kama wafanyavyo Nyarugusu. Hiyo ndiyo saa moja aliyoniomba. Hakunitajia kamwe.

Alijua sitamwita. Nililia, sioni aibu kusema. Nilidhani ananifanyia kazi mimi niliyetoa amri, kumbe alimfanyia yule atakayesimama pale akioga. Huo ndio ufundi, na nimeuelewa akiwa ameshalala. Gogo jipya nimelileta leo asubuhi. Timba lake sitaling'oa.