Shahidi wa Pili wa Bibi Mize

Juzi nilisahau tochi dirishani, jua likaipiga tangu asubuhi. Nilipoishika mchana ikanijia harufu ya betri zilizopata moto, harufu ya bati na uchachu kidogo, na papo hapo nikajiona niko Kengeja, mtoto wa miaka minane, nimewekwa uani nilinde karafuu zisiparuliwe na kuku. Pembeni mwa jamvi, zimepangwa mstari kama nazo zimechumwa shambani, zilikuwa betri za redio ya Baba. Miaka ile ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni na betri zilikuwa adimu. Redio ikianza kukoroma, Baba alizitoa akazianika, na jioni zilipata nguvu ya kutufikisha angalau katikati ya taarifa ya habari.

Bibi Mize, mama yake Mama, aliyekuwa akikaa nasi, hakulipenda hata kidogo jambo hilo. Alikuwa akipita karibu na jamvi, anazitupia betri jicho la pembeni, kisha anasema, kama vile anazungumza na kuku, "Kitu cha kweli hakitaki kuanikwa ndiyo kiseme."

Msimdhanie kuwa alikuwa mkali. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mikono yake haikupumzika kusuka ukili wa mikeka, na ulimi wake ulikwenda kasi kuliko mikono. Kila jioni, baada ya sala ya alasiri, Baba aliiweka redio juu ya kiti ukumbini, nasi tukakaa chini. Bibi alijikalisha karibu na mlango, mgongo kaielekezea redio, kana kwamba haisikii. Lakini hapana neno lililompita.

Redio ilipozungumzia watu waliokwenda mwezini wakarudi, Baba alishusha pumzi kwa mshangao. Bibi akauliza bila kugeuka, "Hao walofika mwezini, mbona hawatwambii Ramadhani inaingia lini? Sie kila mwaka twagombana, umeandama, haujaandama, na watu washaukanyaga!" Siku nyingine ikaelezwa habari ya mgonjwa aliyetolewa moyo akatiwa wa mtu mwengine. Bibi akaacha ukili kabisa. "Sasa ntu huyo," akasema, "akishatoka hospitali, atampenda mke wake au mke wa mwenye moyo?" Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Baba alitabasamu tu. Adabu ya mkwe haikumruhusu kumjibisha, na Bibi alilijua hilo akalitumia vizuri.

Mimi niliamini kwamba Bibi anatuchekesha. Lakini utani wake ulikuwa na mzizi. Tulikuwa tumetoka katika miaka mibaya, miaka ya foleni, ambayo watu wa Pemba hawahitaji kuelezwa. Mchele ulikuwa hadithi. Tulikula muhogo asubuhi, mashelisheli mchana, na usiku tulikula tulichobakisha. Na katika miaka hiyohiyo, sauti ileile tamu ya redio ilitwambia chakula kipo cha kutosha. Baba mwenyewe alinihadithia kwamba siku ile Bibi aliinuka, akachukua chungu kitupu, akakiinamisha mbele ya redio na kusema, "Hebu tia basi." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo Bibi hakusadiki chochote kilichotoka kwenye sanduku lile, kiwe cha mbinguni au cha sokoni.

Alikuwa na kanuni yake, na aliitoa kwenye dini. Mwezi wa Ramadhani haukubaliwi mpaka wapatikane mashahidi waadilifu, na kwa Bibi hao wawe wawili, wanaojulikana kwao na kwa wazee wao. Basi habari yoyote aliipima kwa kipimo hicho. "Redio ni shahidi mmoja," alikuwa akisema, "na kwao hakujulikani." Baba akileta habari ya ajabu, hata mimi nilishazoea kuuliza, "Na shahidi wa pili nani, Baba?" Nilipigwa kofi jepesi la kisogoni kwa hilo, lakini kwa mapenzi.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Khamis alipougua.

Khamis ni mdogo wangu. Wakati ule alikuwa hajatimiza hata miaka miwili, ana mashavu mawili ya kufinywa na kila mpita njia, na maneno anayoyajua hayajai kiganja. Alianza kuendesha tumbo usiku, na kulipokucha alikuwa haachi. Bibi akatoa amri iliyokuwa ikitolewa kila nyumba: mtoto anayeendesha hapewi maji. Maji humzidisha. Akatafuniwa majani ya mpera, akapakwa tumboni, na midomo yake ikawa inapitishwa kitambaa kibichi, basi. Khamis akawa anaushika mkono wa Mama anauvuta upande wa mtungi. "Mai," anasema. "Mai." Mama akimtazama Bibi, Bibi anatikisa kichwa.

Jioni ile redio ikasema. Nakumbuka Baba alipandisha sauti, kitu asichokifanya mara kwa mara kwa kuonea huruma betri. Wataalamu, ikasema redio, wamethibitisha kwamba mtoto anayeharisha hafi kwa kuharisha. Hufa kwa kukaukiwa na maji. Dalili mojawapo ni kwamba hulia machozi yasitoke. Anyweshwe maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi kidogo, kidogo kidogo bila kuacha. Na chumvi yake, ikamalizia, isizidi chumvi ya machozi.

Baba akakohoa. "Mama," akamwambia Bibi kwa upole, "labda tungejaribu."

"Tujaribu kwa nani, kwa ntoto?" Bibi alisema. Safari hii aligeuka. "Kama maji ya chumvi ndiyo dawa, basi pweza angekuwa hafi. Na sukari! Wanatwambia tutie sukari, hao wanaotupangisha foleni kwa sukari. Chumvi isizidi ya machozi. Machozi ya nani? Yangu mie au yao?"

Hakuna aliyecheka. Baba alizima redio. Niliona mikono ya Bibi imesita juu ya ukili, na nikaogopa, kwa sababu sikuwahi kumwona amekasirika kwa kweli.

Asubuhi yake Khamis alikuwa amenywea. Macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Gari la abiria halikupita, watu walisema limekosa mafuta, na Baba akaondoka kwa miguu kwenda kutafuta usafiri wowote wa kutufikisha hospitali. Tukabaki watatu na mgonjwa. Khamis akaanza kulia, kilio chembamba kama cha kitoto cha paka. Mama alimfuta uso kwa ncha ya kanga, kisha akaitazama ile ncha.

"Mama," akasema, "hebu tazama. Kanga kavu. Analia hana machozi. Si ndivyo walivyosema jana?"

Bibi akauweka ukili chini. Akainama juu ya Khamis, akampapasa chini ya jicho kwa kidole gumba, na chini ya jicho la pili. Halafu akakaa kitako sakafuni. Alikaa hivyo mpaka kuku wakaingia ukumbini na hakuna aliyewafukuza.

"Najua redio ni shahidi mmoja," Mama alisema. "Najua, Mama. Lakini n'nakuomba."

"Shahidi wa pili n'naye," Bibi akajibu. Sauti yake ilikuwa ndogo hata nikadhani sikusikia vizuri. "Lete sukari."

Sukari ilikuwa kwenye kopo, tumeiweka akiba ya futari. Mama aliichota, akaikoroga ndani ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, akatia chumvi. Kisha akasimama na kijiko mkononi, amekwama. Alipaswa kulinganisha na machozi, na Khamis hakuwa nayo. Hapo ndipo nilipomwona Bibi akijipitisha kidole shavuni mwake mwenyewe, na nikatambua kwamba shavu lake limelowa. Akakiweka kidole ulimini. Akayaonja maji ya kwenye kijiko. "Chumvi imezidi," alisema. "Ongeza maji."

Akakichukua kijiko mkononi mwa Mama na kumnywesha Khamis yeye mwenyewe. Cha kwanza kilimwagika chote kidevuni. Cha pili kikaingia. Wakati mwengine Khamis alitapika, Bibi akangoja, akaanza tena. Alikuwa anamtazama yule mtoto koo kila anapomeza, hakutania, hakuomba hata kupokewa. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaja, na Khamis akakojoa, tele, juu ya mapaja ya Bibi. Mama alipiga vigelegele kwa mkojo ule kama amepata harusi.

Baba alirudi na baiskeli ya kuazima, jasho linamchuruzika, akamkuta mwanawe amekaa anakula uji. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akajisahau kidogo, furaha ilimpanda, akamwambia Bibi, "Alhamdulillahi, Mama, leo redio imesema kweli." Bibi aliinuka, akaenda zake nyuma ya nyumba. Hakula usiku ule. Na tangu siku hiyo, taarifa ya habari ikianza, alichukua ukili wake akatoka uani mpaka iishe. Utani ukakoma. Nyumbani sote tulishika moja: Bibi kanuna kwa kushindwa, na mzee akishindwa huachwa.

Niliamini hivyo mpaka nilipozaa mimi. Mwanangu wa kwanza aliposhikwa na tumbo nilikuwa nyumbani Kengeja, nami nikakoroga dawa ya pakiti, ya chumvi na sukari, ile ambayo sasa kila kituo cha afya kinayo na hakuna anayeistaajabia. Bibi alikuwa ameshapofuka macho. Akanyoosha mkono akitaka kuonja. Nikampa kikombe, akaonja, akakaa nacho.

"Kabla ya mamako," akasema, "n'likuwa na mwana. Jina lake Asha. Mamako hakumwona."

Asha aliendesha, kama Khamis. Wazee wote wakasema asipewe maji, na hata daktari aliyepita kijijini zama zile alisema vivyo hivyo, asitiwe kitu tumboni. Bibi akatii. Siku nzima Asha alimwomba maji naye akauweka mtungi mbali. Jioni Asha akalia, na machozi hayakutoka, na Bibi akashukuru Mungu kwamba mtoto amepungukiwa na machungu. Hakumwambia mtu jambo hilo la machozi. Alilifahamu peke yake duniani, mpaka lilipotoka kwenye redio.

Nilikuwa mtu mzima, nimesoma, na siku ile ndiyo kwanza nilielewa alichokuwa akikipigania mbele ya lile sanduku la Baba. Dharau haikuwemo, wala ujinga. Redio ikiwa mwongo, basi Asha alikufa kwa amri ya Mungu. Redio ikisema kweli, basi Asha alikufa kwa kiu, na mtungi ulikuwepo. Niliona uchungu ambao sikupata kuuona, nikamshika mkono.

"Kwa hiyo ulijua, Bibi," nikamwambia. "Ulijua kwamba Khamis akipona kwa maji yale, hutapata raha tena."

"N'lijua."

"Na bado ukampa."

Alinirudishia kikombe, akapapasa mpaka akaupata mguu wa mwanangu, akaushika.

"Ntoto alikuwa na kiu," akasema.