Kamera ya Stendi

Mimi ni fundi cherehani hapa Tarime mjini. Kibanda changu kilishavunjwa na wezi, vitambaa vya watu vikaenda. Kwa hiyo mradi wa kuufanya mji wetu uwe wa kidijitali ulipoanza, zikasimikwa nguzo za taa za sola zenye kamera kutoka stendi hadi sokoni, niliusifia kuliko watu wote. Mtaa ukanichagua kuwa mjumbe wa kamati ya mradi.

Siku ya kuonyeshwa kazi tuliitwa ukumbini. Baba mkwe alikuwa ametoka kijijini Gorong'a kuja kutibiwa macho, amefikia kwetu. Nilimwomba mume wangu aje naye, amsikie mkamwana wake akizungumza. Kwetu Wakurya baba mkwe na mkamwana hawashikani mikono wala hawakai karibu; hata chakula chake nilikuwa naweka mezani natoka. Basi wao walikaa mbele, mimi nikakaa na kamati upande wa pili.

Nilizungumza vizuri, nikapigiwa makofi. Kisha mtaalamu wa mradi akawasha projekta. Stendi ikatokea ukutani, safi kabisa: bodaboda, wauza ndizi, mama anamfunga mtoto mgongoni.

"Na huyu je?" mtaalamu akasema huku anacheka. "Anadhani yuko peke yake!"

Pale ukutani mzee mmoja alikuwa amechuchumaa nyuma ya duka, suruali magotini, anaangaza huku na huku. Lile koti la kijivu nililijua. Kiraka cha mgongoni nilikishona mimi.

Ukumbi ukaangua kicheko. Simu zikainuliwa kurekodi. Niliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, masikio yanawaka. Nilikuwa nimeona kitu ambacho mkamwana hatakiwi kukiona.

Nikamsikia baba mkwe, ambaye macho yake hayafiki mbali, akimuuliza mume wangu, "Wanacheka nini?"

Mume wangu akakohoa tu.

"Si nakuuliza wewe?"

Mume wangu akamwinamia sikioni, akamwambia maneno machache kwa Kikurya. Mzee akasimama. Hakupaza sauti.

"Zima hiyo," alimwambia mtaalamu. "Huyo ni mimi. Nilitafuta choo, nikakikuta kimefungwa. Mkamwana wangu yumo humu ndani."

Kicheko kikakatika. Mtaalamu akabonyeza hiki na kile, picha ikaganda palepale ukutani. Niliinuka bila kutazama, nikaifuata waya sakafuni, nikaichomoa. Kisha nikatokea mlango wa nyuma.

Jioni ile ile mzee alirudi Gorong'a bila kutibiwa. Mtaalamu alifuta picha mbele ya kamati, akaomba radhi kwa dhati. Lakini video ilishaingia kwenye makundi ya WhatsApp, ikafika hadi Sirari mpakani. Wateja walikuja na vitambaa, wakanitazama kwanza kabla ya kusalimia. Sokoni mwanamke mmoja akaniuliza, "Eti yule ni mkweo?" Nikamjibu ndiyo, nikaondoka bila kununua kitu.

Wazee wa ukoo walikaa, mbuzi akachinjwa, yakasemwa maneno ya kuondoa aibu. Mimi niliiambia kamati kamera isiongezwe hata moja mpaka choo cha stendi kifunguliwe, na picha za watu zisionyeshwe hadharani tena. Walibisha, halafu wakakubali. Choo sasa kiko wazi. Kibanda changu hakijavunjwa tena, na hilo nalo naona haya kulisema.

Juzi tulikwenda Gorong'a kuvuna mahindi. Baba mkwe alikuwa anakamua ng'ombe. Nikasimama mbali, nikasema, "Shikamoo, baba."

Mikono yake ilisimama. Akaitikia, "Marahaba," akaendelea kukamua akiwa amenipa mgongo. Nilibaki pale nimeshika gunia tupu, sijui niende wapi.