Waya wa Ndege wa Baba Mkwe

Baba mkwe wangu aliwapenda ndege kuliko mimi, na hakujisumbua kuficha. Alikuwa ametunza bustani za wakubwa wa mgodi huko Copperbelt. Alipostaafu alirudi Nchelenge na kikohozi pamoja na kopo refu la waya wenye matundu, ambalo alilijaza masuke ya mtama na kulitundika nyuma ya nyumba ili ndege wadonoe. Mtama ambao watu wangeupikia uji. Mimi nilikuwa Mkongomani mvuvi na mchuuzi wa samaki, makao yangu Kilwa ile ya kisiwani katika ziwa la kwao, si ya pwani, na kwake nilikuwa mtu wa kutumwa tu.

Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Alikwenda kwao kusalimia kwa wiki moja, nikaletewa habari kwamba baba yake amemzuia. Kila nilipovuka ziwa kumfuata nilikuta kazi ya mkwe inaningoja. Nilichimba choo. Nikaezeka jiko upya. Safari ya tatu nikabeba matofali mpaka mabega yakachubuka. Kwa desturi yao mkwe hazungumzi na wazazi wa mke uso kwa uso, kwa hiyo nilikaa kando ya uzio na maagizo yote aliniletea mke wangu. Mzee alikaa kivulini akiwatazama ndege wake, mgongo amenigeuzia. Nilikichukia hata kisogo chake.

Safari ya nne nikaambiwa kopo limeliwa na kutu. Nikachague waya mpya sokoni, nilitengeneze, halafu habari ya mke wangu kuondoka itazungumzwa. Nilicheka moyoni. Tangu utoto nimechagua nyavu, sasa mzee wa maua anataka kunipima kwa tundu za waya.

Muuza vyuma alikuwa na aina mbili. Wa kwanza haukupitisha hata ncha ya kidole changu kidogo. Wa pili, kidole cha shahada kiliingia hadi kiungo cha kwanza, kikabana. Akaniuliza waya ni wa kazi gani. Sikumjibu, kwani ningefundishwa nini na mtu asiyelijua ziwa? Nilipima kama sisi wavuvi tunavyopima: tundu nzuri hupitisha kichwa cha samaki na kukaba mashavu. Nikachukua ule wa pili. Nikatengeneza kopo zuri kuliko lile la mgodini, nikalitundika mwenyewe, nikitaka mzee aone haya.

Kesho yake asubuhi ndege watatu walikuwa wananing'inia pale, vichwa ndani, miili nje. Wawili walikuwa wamekufa. Mzee alikuwa anakata waya kwa koleo amwokoe wa tatu, na ndege akafia kiganjani mwake. Ndipo aliponigeukia kwa mara ya kwanza, akasema kwa Kiswahili ambacho siku zote nilidhani hakijui:

"Wewe unajua tu kukamata."

Nilivunja desturi papo hapo. Nilimrushia yote, choo, paa, matofali, mtama wake. Nikamwambia ni mchoyo aliyemfungia binti yake nyumbani kama kuku, na mwanangu hatazaliwa mikononi mwa mtu wa namna hiyo. Alimtazama binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni la vyombo.

Mke wangu akaliweka beseni chini.

"Baba hana na makosa," akasema kwa Kiswahili alichojifunza kwetu. "Ni miye njo nilimuomba akupatie kazi, siku zipite. Siwezi kuzala kule Kilwa kwenye hakuna hospitali. Kama damu inakataa kusimama, bwato ya makasia itanifikisha wapi?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi.

"Nilikuambiaka mara mbili. Ulisema nitazoea."

Nilikumbuka. Mara ya kwanza nilikuwa nashona wavu, sikuinua hata kichwa. Mara ya pili nilikuwa nakula.