Sikio la Kushoto la Bibi Kabula

Msimu wa pamba ulipofika, sisi watoto wa Zagayu tulihama vitanda. Chumba kikubwa kuliko vyote kilijazwa pamba mpaka usawa wa dirisha, ikisubiri siku ya kwenda kupimwa, na wajukuu saba wa Bibi Kabula tukalala juu yake. Ukijitupa unazama mpaka kifuani. Wenzangu mliokulia huku kwetu Simiyu mtaikumbuka ile harufu ya vumbi, mbegu na jua la mchana. Mtakumbuka pia kwenda shuleni na nyuzi nyeupe kichwani, Mwalimu Ngasa akisimama mlangoni anauliza, "Huyu mzee naye kaja kuandikishwa darasa la kwanza?" Mtoto wa siku hizi ukimpa godoro lenye kibonyeo kidogo tu, asubuhi anakuambia mgongo unamuuma.

Bibi Kabula alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Wazazi wangu walifanya kazi mjini Bariadi, nikaenda kwake kwa likizo moja, na likizo hiyo ikaendelea mpaka nikamaliza darasa la saba. Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa kabla sijazaliwa, baada ya homa kali na vidonge vya kwinini. La kushoto lilisikia, ila kwa karibu. Kwa hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na maneno ya aina mbili. Yale ya kupigia kelele kutoka popote ulipo, kama ng'ombe wameingia kwenye mtama. Na yale ambayo lazima uende, uchuchumae upande wa kushoto, uweke mdomo kwenye sikio. Huko tulipeleka kesi zetu zote: nani kala karanga za mbegu, nani kapigwa shuleni, nani anaogopa fisi. Sikio lenyewe lilinukia ugoro na samli.

Yeye naye alikuwa na yake ya kutuambia. Akikuita, "Njoo nikuambie," ulijua kuna kosa, na ulijua hakuna mwingine atakayelisikia. Nikiwa na miaka sita nilikojolea pamba. Pamba yenye maji hainunuliwi, na ile ilikuwa ada ya shule na dawa za nyumba nzima. Bibi aliigundua asubuhi kwa mkono wake. Akaniita, akaniambia sikioni, "Jana ulikunywa maziwa mengi, mume wangu. Leo utakunywa kidogo." Akaitoa ile pamba, akaianika juu ya jiwe, na wote waliouliza akawaambia ni mbuzi. Yule mbuzi alitukanwa wiki nzima. Mpaka leo namwonea huruma.

Ndiyo, mume wangu. Wote tunajua utani wa bibi na mjukuu. Kwa Bibi Kabula haukuwa na likizo. Nikichelewa kutoka mtoni, "Mume wangu ameoa mke wa pili huko." Nikikataa mlenda, "Mume wangu anataka nyama, nyumba haina hata kuku."

Mwalimu Ngasa alikuwa jirani yetu, na kila Jumamosi alikuja kunywa chai na kula michembe ya Bibi, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Alimfundisha baba yangu, kisha akanifundisha mimi. Darasani alitufundisha kujumlisha na kutoa kwa kutumia michembe aliyopewa nyumbani kwetu, na somo la kutoa aliliweka mwisho ili ale ushahidi. "Saba toa saba?" anauliza huku anatafuna. "Sifuri, mwalimu!" Niliyajua makato kabla sijajua kuandika jina langu.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu nataka mjue ni watu gani niliokuja kuwaogopa.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Dodoma ugonjwa ulipoingia. Chuo kikafungwa, tukaambiwa twende nyumbani. Kwenye basi kijana aliyekaa nyuma yangu alikohoa kutoka Singida mpaka Shinyanga, nami nikahesabu kila kikohozi. Nilifika Zagayu nikiwa na barakoa mbili, moja juu ya nyingine, na chupa ya kitakasa mikono shingoni. Bibi alikuwa amekaa nje ya nyumba kwenye kigoda chake. Akanyoosha mikono yote miwili. Nikasimama mbali, nikamsalimu kwa sauti, "Mwangaluka, Bibi!" Mikono yake ilibaki hewani kidogo. Kisha akaiweka mapajani, akaitikia.

Wiki ya pili Mwalimu Ngasa akaanza kubanwa kifua. Jumamosi hakuja kula michembe. Jumanne iliyofuata tukamzika. Waliotangaza msiba walisema nimonia, wengine wakasema changamoto ya kupumua. Neno lenyewe hakuna aliyelitamka, kana kwamba lingesikia likiitwa. Makaburini watu walishikana mikono kama kawaida, na mimi nilisimama peke yangu chini ya mti wa mbali, nikimlilia mtu aliyenifundisha kuhesabu huku nikihesabu hatua kati yangu na mjane wake.

Tangu siku hiyo nilijiwekea sheria. Nilipima hatua mbili ndefu kutoka kwenye kigoda cha Bibi, nikaweka tofali, na kiti changu hakikuvuka hapo. Alipoliona alimwuliza Shangazi Minza, binti yake aliyekuwa akiishi naye, "Hilo tofali ni mpaka wa nchi gani?" Shangazi akacheka. Mimi nilimweleza Bibi, kwa kupiga kelele, kuhusu virusi, matone ya mate, watu wanaoambukiza bila kujua wanaumwa. Barakoa ilinifunika mdomo, hata midomo hakuiona. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, "Wabeja, mume wangu. Umesoma sana. Sijasikia kitu."

Miezi ile yote tuliongea maneno ya kupigia kelele tu. Umekula? Mvua itanyesha? Ndama amepona? Nilikuwa na yangu ya moyoni, nilikuwa nimeshindwa somo moja na sijamwambia mtu, na nilijua ni sikio gani la kulipeleka. Sikulipeleka. Nilijiambia nikimwambukiza sitajisamehe maisha yangu yote, na hadi leo siwezi kusema nilikosea kufikiri hivyo.

Chuo kilipofunguliwa nilifunga begi. Siku hiyo nyumbani kulikuwa na wageni, wazee watatu wa upande wa pili waliokuja kuzungumza mahari ya binti wa Shangazi, wamekaa kwenye viti vyetu vizuri. Pikipiki ya kunipeleka mjini ilikuwa inanguruma, begi nimeshalifunga nyuma. Nikasimama kwenye tofali langu niage.

"Mume wangu, njoo nikuambie," Bibi akasema.

"Niambie hapo hapo, Bibi!"

"Sogea kidogo."

"Bibi, nitakuambukiza!"

"Mume gani huyu anamkimbia mkewe?" akawaambia wale wazee. Wakacheka. Kisha akanigeukia na safari hii hakuwa anatania. "Njoo, mara moja tu. Hili siyo la kupigia kelele."

Nikatikisa kichwa. Nikampungia mkono, nikapanda pikipiki.

Miezi michache baadaye baba alinipigia simu asubuhi, akasema Bibi amelazwa Bariadi, anapumua kwa shida. Nilipofika stendi ya Dodoma kukata tiketi, alipiga tena. Nilifika Zagayu kesho yake wakiwa wameshazika. Sikuuliza nani alimletea ugonjwa. Alikuwa ameanza kwenda kanisani tena, sokoni, kwenye misiba ya watu. Uangalifu wangu haukumfikisha popote.

Kilichobaki kichwani mwangu ni lile neno. Kwa miaka yote hii nimeligeuza. Labda alikuwa anajua anakufa, akataka kuniaga. Labda kulikuwa na jambo la ukoo ambalo mjukuu mkubwa lazima alijue. Labda kifua kilishaanza kumbana na hakutaka wageni wajue, na mimi, msomi pekee pale, ndiye ningemwahisha hospitali. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima raha. Nilikumbuka sauti yake, nikaitafutia kikohozi ndani yake. Nilivaa joho la mahafali nikilifikiria. Na sikumwuliza mtu, kwa sababu ukiuliza utajibiwa.

Mwezi uliopita nilikwenda Zagayu kumsaidia Shangazi Minza kukata viazi. Tumekaa kwenye turubai, yeye anamenya, mimi nakata, vipande tunavianika juu ya jiwe.

"Umenyamaza tangu asubuhi kama mtu aliyekuja kuposa," akasema.

"Shangazi, siku ile naondoka, wale wazee wa mahari wapo. Bibi aliniita nikakataa kusogea. Unajua alitaka kuniambia nini?"

Kisu chake kikasimama. Nilimwangalia usoni kutafuta habari mbaya. Akaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kutikisika.

"Kwani hukuambiwa?"

"Na nani?"

"Mungu wangu, ni mimi! Alinituma nikukimbilie, nikakuta vumbi tu. Halafu tena nikasahau."

"Shangazi, uniambie kitu gani?"

"Suruali yako! Ulipoinama kufunga begi kwenye pikipiki ilipasuka huku nyuma, kutoka juu mpaka chini. Chupi ya bluu yote nje, na wakwe wamekaa hapo!"

Nilibaki na kiazi mkononi. Nikakumbuka kwamba nilipofika bwenini nilikuta suruali imepasuka kweli, nikalaumu msumari wa kiti cha basi.

"Mbona hakusema tu?"

"Aseme kwa sauti, wazee wasikie? Mjukuu wake wa chuo kikuu?" Shangazi alifuta machozi ya kicheko kwa kiganja. "Alikuwa ameshaniambia nimtungie uzi kwenye sindano, maana macho yake hayakuona tena tundu. Alitaka akushonee hapo hapo ukiwa umesimama, dakika mbili. Ulipoondoka aliichomeka kwenye kanga yake, akashinda nayo hadi jioni. Akasema, basi, acha aende, huko mjini hawamjui."

Nilianza kucheka naye. Nilicheka sana, kisha nikagundua kwamba siyo kicheko tena.

"Sasa unalia nini?" Shangazi akauliza. "Suruali?"

"Ndiyo."

Alinisogezea beseni la viazi, tukaendelea kukata.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku hiyo, mnavyonijua wale mnaonijua. Hakuwa ananiaga. Hakuwa anaumwa. Kuna mzigo umeshuka mabegani na nashukuru. Lakini ningeweza kumpa zile dakika mbili. Ningesimama nimempa mgongo, uso wangu umeelekea kwa wale wazee, hata pumzi yangu isingemfikia. Kwa hofu zangu zote na mahesabu yangu yote, hesabu hiyo sikuipiga.

Enzi zetu aibu ya mtu ilikuwa na mahali pa kwenda. Ukijikwaa mbele za watu, kuna mkubwa mmoja atakuita pembeni, atakuambia taratibu, na akirudi kwa wengine atasema ni mbuzi. Siku hizi suruali ikipasuka unajua kwa kuona picha yako kwenye simu, imeshawekewa maneno ya kuchekesha, na binamu yako yuleyule mliyelala naye juu ya pamba amebonyeza alama ya kicheko. Siwasemi vibaya wadogo zetu, hata mimi nimewahi kubonyeza. Ila nadhani wamezaliwa wakati ambao kila neno ni la kupigia kelele.

Mwalimu Ngasa hayupo, Bibi Kabula hayupo, na wengi wa rika lao waliondoka mwaka ule bila ugonjwa wao kutajwa jina. Mimi bado natafuta kazi. Nikiitwa kwenye usaili nasimama muda mrefu mbele ya kioo, nanyoosha kola, naangalia meno. Kisha najigeuza kuangalia nyuma, shingo inafika nusu, naishia hapo, natoka hivyo hivyo.