Nyundo ya Mzee Nangumbi Iko Mkunya

Niliondoka Masasi kwa sababu nilitaka kujifunza kazi ya babu wa baba yangu. Mzee Nangumbi alikuwa mfua fedha, na wazee wa mtaani kwetu bado wanasema vikuku vyake havikukwaruza mkono wa mtu. Mimi niliishia darasa la saba, sasa natengeneza baiskeli, na kila nikishika nyundo namfikiria. Baba alisema vifaa vyake viko Mkunya, Newala, kwa watu wa dada yake mzee huyo. Nikajiambia: mimi ni kitukuu, watanipa.

Asubuhi nilipata nafasi juu ya lori la chumvi. Tuliiacha milima ya mawe ya Masasi, tukaanza kupanda. Udongo ulizidi kuwa mwekundu na hewa ikawa ya baridi. Huko juu mikorosho ilisimama pande zote mbili za barabara, na akina mama walikuwa wameanika mihogo hadi kwenye mabati.

Mchana nilifika Mkunya, nikaelekezwa kwa Baba Zuhura. Yeye ni mjukuu wa dada yake Mzee Nangumbi, na ndiye anayefua fedha sasa. Nilimkuta akinyoosha uzi wa fedha mwembamba kama unywele. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho.

Akaniuliza mama yangu ni nani. Nikataja jina la baba. Akauliza tena, nikataja la babu. Mkewe alicheka huko jikoni, akasema labda mgeni huyu amezaliwa na wanaume watupu. Nikaeleza kwamba nimefuata nyundo.

"Babu yako alikuwa mtoto wa fundi," alisema Baba Zuhura. "Kwetu ukoo hufuata mama. Mtoto hula kwa baba yake. Nyundo huenda kwa mpwa, mtoto wa dada."

Niliona aibu, lakini hakunifukuza. Tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu, naye akanisimulia. Zamani wanawake walimletea Mzee Nangumbi rupia zao, sarafu za fedha za enzi hizo, azifanye vikuku. Hakuyeyusha fedha ya mtu asiyekuwepo. Mwenye fedha alizitia mwenyewe chunguni, akakaa kuvuta mvukuto, akaziangalia hadi zinamiminwa. Hata chembe zilizobaki baada ya kupiga tupa, mzee alizifagia kwenye jani akamkabidhi. Ndiyo maana watu walivuka mto Ruvuma kuja kwake, wakawapita mafundi wa karibu. Nilisikiliza hadi tonge likapoa mkononi.

Nikajikaza, nikamwomba anifundishe.

"Mjomba wako anajua uko huku?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi hujasafiri, umetoroka. Rudi, aje mwenyewe akusemee."

Jioni nilirudi na hofu. Mjomba Hamisi, kaka yake mama, ana mashine ya kusaga na sauti inayoizidi. Sijawahi kumwomba kitu. Nilimweleza nikitazama vifungo vyangu.

"Sema na mimi," alisema, "usiseme na shati."

Nikaanza upya, hadi mwisho.

Jumamosi alinipitia alfajiri, jogoo kwapani, tukapanda Newala. Huko Mkunya, mjomba alikaa mkekani akamwambia Baba Zuhura: "Huyu mpwa wangu. Ni mzito wa kusema, ila akishika kazi haiachi. Akikuharibia fedha, nidai mimi."

Baba Zuhura alimpokea jogoo.

Nyundo si yangu wala haitakuwa yangu. Kila asubuhi naomba ruhusa, naishika. Kazi naendelea kuijua polepole. Nilichojifunza safarini ni kwamba mjomba alikuwa akiniangalia miaka yote hiyo, nami sikujua.