Betri ya Mzee Anuari Hailali Nje

Kila jioni, kabla hajavua viatu, Mzee Anuari alifungua boneti ya pikapu yake, akang'oa betri na kuiingiza chumbani kwake. Hakuacha tabia hiyo hata magoti yake yalipochoka. Pale mjini Singida wenzake walifuga mbwa. Yeye alilala na betri.

"Ukiniibia mbuzi nitakula mlenda," alisema. "Ukiniibia betri, mnadani Ihanja nitafikaje?"

Pikapu hiyo ndiyo iliyobeba vitenge vyake vya biashara tangu ujana. Mkewe alipofariki, alibaki na mwanawe Abdulrazaki na Hajira, mke wa Abdulrazaki. Siku moja Abdulrazaki aliitazama pikapu, akatamka neno "kuuza". Tangu hapo mzee akawashuku wote wawili.

Hajira naye alimshuku. Kwa nini kila akichomeka chaja anafunga mlango na dirisha? Anaficha nini humo?

Asubuhi moja ya mnada, harufu ya mayai viza ilipenya chini ya mlango wa mzee. Hajira akagonga.

"Shikamoo, baba. Kuna nini humo?"

"Marahaba. Kuna chumba changu."

Akausukuma mlango. Ndani giza. Betri ilikuwa inachemka kama chungu cha uji, na mzee ameiinamia na kiberiti mkononi, anataka kuona maji yamepungua kiasi gani. Hajira alimpokonya kabla hajakiwasha.

"Unaninyang'anya kiberiti chumbani kwangu?"

"Toka, baba! Hewa ya betri inalipuka. Simeoni wa gereji jicho lake lilienda hivyo hivyo."

Akamvuta hadi uani, akazima umeme kwenye meinswichi, akauacha mlango wazi mpaka harufu ikaisha.

"Mumeo kakutuma," mzee alisema akihema. "Mnataka ichajiwe nje ili iote miguu."

"Basi kaa uilinde."

Betri ile haikupona. Ile mpya ilichajiwa barazani, mbali na jiko, vifuniko vimelegezwa, mnyororo umetoka kwenye mshikio wake hadi mguu wa kiti cha mzee. Hajira alibana waya, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, ndipo akawasha. Mzee alimkodolea macho kila mara, kama anayemchunguza muuza nyama mizani yake. Hajira aliacha kukasirika siku alipomwona akiipangusa vumbi kwa kanzu. Bila gari lile, aliwaza, angekuwa mzee tu aliyekaa kwenye nyumba ya watu.

Asubuhi mzee alipougua ghafla na kupelekwa hospitali, chaja ilikuwa inaunguruma barazani. Abdulrazaki alimwingiza kwenye teksi. Hajira alipotaka kupanda, mzee alimshika mkono dirishani, akamvuta karibu na mdomo wake.

"Wewe baki na betri. Ukimaliza, zima ukutani kwanza, ndipo utoe waya. Na huyu mumeo asiiguse. Simwamini."