Gari Ambalo Hakuna Aliyeligonga

Tangu alipokuwa Uvira, Kongo, Gracien, fundi wa bodi za magari, alipima gari kama mama yake alivyopima chungu sokoni: aligonga kwa kidole, akasikiliza. Mwaka 2018 alikuwa akiyang'arisha magari ya kale kwenye mnada huko Dallas, Marekani. Jekundu moja la 1969, lenye injini ya kunguruma, alipoligonga likatoa mlio butu kama gunia.

"Bosi, hili limeoza, wameziba kutu wakapaka rangi."

"Wewe ng'arisha tu."

Siku ya mnada matajiri wawili wakalishindania kwa kiburi hadi dola laki mbili. Gari pacha lake, lenye bati zima, likauzwa kwa robo ya bei hiyo watu walipokwenda kula.

"Eti ndiyo thamani! Uchafu mtupu!" Gracien akatema mate. Nyundo ya mnadishaji ilikuwa imegonga meza. Gari, hakuna mnunuzi aliyeligonga.